Kifaru wa Dada Alikimbia, Wangu Alilipuliwa: Kitabu cha Nani ni Feki?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mpwa wako wa Mwanga, Kigoma, mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 41. Sikuwahi kudhani siku moja nitakuandikia kuhusu kitabu cha katuni, lakini kitabu hicho kimenigombanisha na dada yangu mkubwa. Leo ni mwezi wa tano hapokei simu yangu.

Nianzie mbali kidogo. Babu yetu alikuwa kuli kwenye gati la Wabelgiji hapa Kigoma. Baba akiwa mtoto alikuwa akimpelekea chakula cha mchana, na huko mtoto wa karani mmoja wa Kibelgiji akawa anamfungulia kitabu cha picha cha Tintin, yule kijana mwenye kishungi na mbwa mweupe, jinsi alivyokwenda Kongo. Baba alikuwa hajui Kifaransa wakati huo, lakini yule mtoto alimweleza kwa Kiswahili cha bandarini. Hadithi hiyo tumekua nayo. Baba alikuwa na kipande chake anachokipenda na kukichukia kwa pamoja: Tintin anaingia darasani, anawaambia watoto weusi kwamba leo atawafundisha kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Hapo baba anacheka, halafu ananyamaza.

Mwaka 1974, akiwa mfanyakazi wa reli, alinunua nakala yake kwa mfanyabiashara aliyevuka ziwa kutoka Kalemie. Ni ya Kifaransa, ya rangi, inaitwa Tintin au Congo. Aliiweka kwenye sanduku la bati na vingine vichache.

Dada yeye alilelewa na shangazi Sikonge, kule Tabora. Mwaka 1980 familia moja ya wamisionari wa Kidenishi ilikuwa inafungasha kurudi kwao, ikamwachia vitu vya watoto, na ndani yake kulikuwa na Tintin i Congo. Lugha haijui, lakini picha alizihifadhi kichwani zote.

Baba alifariki mwaka jana. Siku ya arobaini, baada ya dua, watu wamekaa uani, nikaleta sanduku la baba nionyeshe urithi. Dada naye alikuwa amekuja na chake kutoka Tabora, nadhani alitaka tu viwili vikae pamoja siku hiyo. Tukaanza kufungua ukurasa kwa ukurasa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwa kifaru. Kwenye kitabu cha baba, Tintin anamtoboa kifaru mgongoni, anatia baruti, anawasha utambi, kifaru analipuka vipande vipande. Kwenye cha dada kifaru anaikuta bunduki, inafyatuka yenyewe, anashtuka na kutimua mbio. Mzima!

Mjomba, nilisema mbele ya watu wote, "Dada, hiki chako ni feki, hao Wadenishi walikupa takataka." Nikaongeza ushahidi: mbwa wa Tintin anaitwa Milou, kwenye chake ameandikwa Terry. Watu wakacheka. Dada akafunga kitabu, akaingia ndani. Kesho yake alfajiri alipanda gari kurudi Tabora bila kuniaga.

Sasa sikia kilichofuata. Nilitangaza kitabu cha baba kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaouza vitu vya kale. Bwana mmoja wa Dar es Salaam akaomba picha ya jalada la mbele na ya ukurasa wenye mwaka. Nikampigia, nikamtumia: pameandikwa Casterman na mwaka 1946. Akasema kama ni chapa ya kwanza ya 1946 ananipa shilingi milioni tatu, akanitumia laki moja na nusu kishika uchumba. Nimeshaitumia, ada ya mtoto. Shemeji yangu ananiambia nimepunjwa, kwamba kitabu cha Tintin kiliuzwa Ulaya kwa Euro milioni tatu na kitu, kasoma habari hiyo mwenyewe.

Lakini usingizi umenitoka kwa sababu nimegundua kwamba hata cha baba hakina lile darasa la Ubelgiji! Tintin anafundisha hesabu, mbili kujumlisha mbili. Mwalimu mwenzangu anasema amesoma kwamba kile halisi kina Ubelgiji, kwa hiyo na cha kwetu kimechakachuliwa. Je, baba alitudanganya miaka yote, au aliuziwa feki? Chini ya ule mwaka kuna herufi D, halafu 1966, mkwaju na namba nyingine, nilidhani ni namba za kiwanda. Nyuma kuna orodha ya vitabu vingine vya Tintin, cha karibuni nilichokitambua ni Vol 714 pour Sydney.

Kuna na kijitabu cha Spider-Man, ndani kimeandikwa 1963, lakini bei yake ni 9d wakati kwenye picha za mtandaoni ni senti 12 za Marekani. Hicho nacho feki?

Mgongo wa kitabu cha baba ulichanika nikaubandika selotepu. Nataka kukipeleka stationery wakipige lamineshen kabla sijakituma Dar. Na nikiuza, dada ana haki ya kupata nusu wakati yeye ana chake?

Mpwa wako, Kigoma

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa kuondokewa na mzee. Kwa hadithi hiyo ya gati tu ningependa kukaa naye jioni moja.

Nikujibu la kifaru kwanza maana ndilo lililomwondoa dada yako alfajiri. Vitabu vyote viwili ni halali. Cha kwako kifaru alipuke, cha dada akimbie, na vyote vimetoka mikononi mwa mchoraji mmoja, Hergé. Mwaka 1975 kitabu hicho kilipotolewa kwa nchi za Skandinavia, wachapishaji wa kule walimwambia ukurasa wa kumlipua mnyama kwa baruti hawauwezi, watoto wao hawatausoma. Hergé akakaa, akachora ukurasa mpya: bunduki inafyatuka kwa bahati mbaya, kifaru anatimua mbio. Toleo la Kifaransa likabaki na baruti yake. Kwa hiyo hao wamisionari wa Sikonge hawakumpa dada yako takataka. Walimpa ukurasa ambao baba yako hakuwahi kuuona, uliochorwa mwaka mmoja baada ya yeye kununua chake. Kama kuna mtu pale uani alikuwa na jambo jipya la kuonyesha familia, ni yeye, na wewe ukamfanya achekwe mbele ya waombolezaji.

Na Terry ni Milou huyohuyo. Kila nchi ilimpa mbwa jina lake: kwa Waingereza ni Snowy, kwa Wadenishi na Wanorwe ni Terry, Waswidi wakamwachia Milou. Wakusanyaji hulitumia jina hilo kama kitambulisho. Ukiokota Tintin yenye maandishi ya kaskazini usiyoyajua, mtafute mbwa. Akiitwa Terry, na maneno yamejaa herufi o iliyokatwa mstari, uko Denmark au Norwe. Akiitwa Milou, na o ina vidoti viwili juu, uko Uswidi. Ushahidi ulioutoa dhidi ya dada ndio unaomtetea.

Hili la kubadilisha picha kwa ajili ya nchi fulani halikuanzia kwa kifaru. Kitabu cha kisiwa cheusi, L'Île noire, kilikuwa cha mwaka 1938, kikatiwa rangi 1943. Wachapishaji wa Kiingereza, Methuen, walipotaka kukitoa kwao wakakaa wakahesabu makosa 131 ya jinsi nchi yao ilivyochorwa, na Hergé akamtuma msaidizi wake, Bob de Moor, mpaka Scotland akachore upya. Ndiyo maana toleo la 1966 ukiliweka kando ya yale ya kwanza utadhani ni vitabu vya watu wawili. Wamarekani nao, mwanzoni mwa miaka ya 1960, hawakutaka kuona watu weusi wakichanganyika na weupe kwenye kitabu cha kaa mwenye makucha ya dhahabu, wala Kapteni Haddock, rafiki wa Tintin, akipiga tarumbeta chupa. Watu hao wakabadilishwa, chupa zikafutwa. Sikiliza tofauti hiyo, mpwa wangu: Waskandinavia walimhurumia kifaru, Wamarekani waliwaondoa watu weusi. Mimi kinachonivuta kukusanya matoleo ya nchi mbalimbali ni hicho. Hadithi ni moja, lakini palipofutwa pa kila nchi panakuonyesha kilichokuwa kinawakera wenye nchi.

Sasa mzee. Baba yako hakuwadanganya, na wala hakuuziwa feki. Aliona vitabu viwili tofauti katika maisha yake. Hadithi ya Tintin Kongo ilianza kutoka gazetini mwaka 1930, ikawa kitabu 1931, nyeusi na nyeupe, kurasa 110. Humo ndimo lilimo lile darasa: Tintin anawaambia watoto wa Kikongo atawaeleza habari za nchi yao, Ubelgiji. Vita vilipokwisha, Hergé akakichora upya chote kwa rangi, akakibana kikawa kurasa 62, kikatoka 1946. Hapo darasa likageuzwa hesabu, mbili kujumlisha mbili, na hakuna mtoto anayejibu. Ukitaka kuhakikisha, fungua ukurasa wa kwanza kabisa wa kitabu chako, kwenye kituo cha treni, utawaona wale polisi wawili wanaofanana kama mapacha, wenye kofia nyeusi, Dupond na Dupont. Kwenye kile cha 1931 hawamo, kwa sababu Hergé alikuwa bado hajawabuni. Aliwachomeka 1946.

Kwa hiyo mtoto wa yule karani, pale gatini, alikuwa na kitabu cha zamani cha nyeusi na nyeupe, huenda alikirithi kwa kaka au kwa baba yake. Na si ajabu kilikuwa Kigoma. Wabelgiji waliushika mji huo 1916, na hata baada ya kuwaachia Waingereza, mkataba wa 1921 uliwaachia gati lao Kigoma na jingine Dar es Salaam, mizigo ya Kongo ikipita humo. Watu walikuja na watoto, na watoto walikuja na vitabu. Mzee alikariri toleo ambalo leo wakusanyaji wa Brussels wanalifungia kwenye kabati la kioo. Alipokuja kununua cha rangi 1974 na kukuta hesabu badala ya Ubelgiji, sijui alijisemea nini. Umesema alikuwa anacheka kisha ananyamaza. Labda na hilo lilikuwamo kwenye kunyamaza kwake.

Tuje kwenye milioni tatu, na hapa hutafurahi. Kitabu chako hakikuchapwa 1946.

Mwaka ulioandikwa kando ya jina la mchapishaji ni mwaka wa hakimiliki, yaani mwaka ambao toleo hilo la rangi lilizaliwa. Casterman waliendelea kuurudia kila walipochapa, miaka ishirini, thelathini baadaye. Ni kama mtu anayekuonyesha cheti cha kuzaliwa ukamuuliza amenunua shati lini. Watu wengi sana wameangukia shimo hilo, siyo wewe peke yako. Anayejua kazi hii haangalii mwaka, anageuza kitabu na kusoma jalada la nyuma. Kule nyuma kuna orodha ya vitabu vya Tintin vilivyokuwa vimeshatoka siku kitabu kinachapwa, na orodha hiyo ilikuwa inaongezwa kila kipya kinapotoka. Wakusanyaji wameipa kila orodha herufi na namba. Ya kwanza ya rangi, ile ya 1946, wanaiita B1. Wewe umeniandikia kwa mkono wako kwamba kwenye orodha yako kimo Vol 714 pour Sydney. Kitabu hicho kilitoka 1968. Kinachokifuata, cha Picaros, ni cha 1976, nawe hukukitaja, na mzee alishanunua 1974. Basi cha kwenu kimechapwa kati ya 1968 na 1974.

Na ile D uliyodhani ni namba ya kiwanda? Hiyo ni namba ya nakala ambayo kila mchapishaji wa Ubelgiji anatakiwa kuipeleka maktaba ya taifa. Sheria yake ilianza kufanya kazi 1966. Kitabu cha Kibelgiji chenye D hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, hata kiapishwe. Majibu yote mawili yalikuwa kwenye barua yako, mwalimu.

Gusa na mgongo, hata kama umeufunika selotepu. Nakala za miaka ya arobaini na hamsini zilivishwa kitambaa mgongoni. Zile za baadaye ni karatasi ngumu tu inayong'aa. Kwa namna ulivyosema umechanika, nahisi chako ni karatasi.

Yule bwana wa Dar es Salaam sidhani kama ni tapeli. Tapeli hatumi laki na nusu, tapeli anaomba. Lakini angalia alichokuomba: jalada la mbele na ukurasa wa mwaka. Mkusanyaji aliyeiva angeanza na picha ya nyuma, na asingekutumia hata senti tano kabla ya kuiona. Huyo ni mwanafunzi kama wewe, kaona 1946 akapagawa. Mpigie picha jalada la nyuma, na ile D, na mgongo pamoja na selotepu yako, umtumie leo, umwambie ni chapa ya miaka ya mwisho ya sitini au mwanzo wa sabini. Akiwa bado anakitaka, mtazungumza bei nyingine, ndogo sana, maana vitabu vya Tintin vimeuzwa duniani zaidi ya nakala milioni 200 na chapa za miaka hiyo hazikuadimika. Akighairi, laki na nusu yake irudi, hata kwa mafungu ya elfu hamsini kila mwisho wa mwezi. Mwambie ukweli kwamba ilikwenda kwenye ada. Ukinyamaza ukakituma kama kilivyo, siku atakayokutana na mtu anayejua kugeuza vitabu, jina la mzee wako ndilo litakalotajwa, kwa sababu najua umeshamsimulia habari za gati.

Shemeji yako naye mwambie asome habari mpaka mwisho. Kilichouzwa Paris Januari 2021 kwa kiasi cha Euro milioni 3.2 hakikuwa kitabu. Ilikuwa picha yenyewe aliyoichora Hergé kwa mkono wake mwaka 1936, kwa ajili ya jalada la kitabu kingine cha Tintin, Le Lotus bleu. Iko moja duniani.

Spider-Man wenu ni mzima kabisa. Marvel walikuwa wakichapa vijitabu vya Marekani na vya Uingereza kwenye mashine zilezile, siku zilezile. Kwa za Uingereza walibadilisha kipande cha bei, senti 12 inatoka, 9d inaingia, yaani peni tisa, na mara nyingi jina la mwezi linaondolewa kwa sababu meli ilichukua muda na hawakutaka kijitabu kionekane kimechacha kikifika London. Vingine vilifika na bei ya senti, ikagongwa muhuri wa peni juu yake. Kwa shilingi yetu ya Afrika Mashariki ya wakati huo, peni tisa ni senti sabini na tano. Zamani Wamarekani walizidharau nakala za peni kama ulivyofanya wewe, siku hizi wapo wanaozitafuta hizo tu, kwa kuwa zilichapwa chache kuliko za senti. Hicho usikiuze kwa haraka.

Niseme jambo moja nje ya maswali yako. Hicho kitabu mnachogombea kinatutukana. Midomo ile, lugha iliyovunjwa vile, watu wazima wanaomsujudia kijana na mbwa wake, vyote vimo kwenye chako na kwenye cha dada. Mkongomani mmoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka mahakamani Brussels 2007 akitaka kizuiwe, na 2012 mahakama ikamkatalia. Waingereza walipokitoa kwa rangi 2005 walikitia maelezo mwanzoni ya kumtahadharisha msomaji. Hergé mwenyewe uzeeni alikiri kwamba alikichora kwa macho ya Wabelgiji wa rika lake, na Kongo hajawahi kukanyaga. Sikwambii ukichome, mimi ninacho, nimekiweka rafu ya juu wajukuu wasikifikie peke yao. Ila inaniuma kwamba cha Ubelgiji tunakitunza kwenye sanduku la bati, wakati Sani, yale majarida ya katuni ya Ndumilakuwili na Madenge tuliyosoma hapa kwetu yakipita mikono kumi, yameishia kufungia karanga, na Chakubanga wa Christian Gregory amekatwa na mkasi pamoja na gazeti la Uhuru kutandika makabati. Hebu chungulia vizuri chini ya sanduku la mzee. Ukikuta Sani ya zamani, hata isiyo na jalada, niandikie mimi kabla hujamwandikia mtu wa Dar.

Lamineshen, hapana. Tena hapana. Joto la ile mashine na gundi yake vinakiua kitabu siku hiyohiyo, hakuna atakayekigusa tena. Selotepu uliyokwisha kuibandika iache, ukiibandua sasa itaondoka na rangi. Ukungu wa ziwani ndio adui wako mkubwa, na mende, na mchwa. Kitoe kwenye bati wakati wa masika, kifunge kwenye karatasi nyeupe safi, kisimamishe wima kwenye boksi gumu mbali na ukuta, na usikifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopumua.

Umeuliza kama dada ana haki ya nusu. Cha mzee ni urithi, na urithi wa baba unawahusu wote, ongeeni na wakubwa wa ukoo jinsi dini yenu inavyogawa. Kwamba ana chake hakumpunguzii. Chake alipewa yeye, hakikutoka sandukuni. Lakini kama uuzaji wenyewe ndiyo huo wa bei ya kitoweo, mimi nisingeuza. Viwili hivyo vikiwa pamoja, Kifaransa chenye baruti na Kidenishi chenye kifaru anayekimbia, na hadithi ya gati ikaandikwa kwenye karatasi na kutiwa katikati yao, vina maana kuliko vikitenganishwa.

Simu usipige tena, umeshapiga ya kutosha. Likizo ijayo panda treni uende Tabora, uchukue na kitabu cha baba, na dagaa wa kutosha, maana dada mkubwa haendewi mikono mitupu. Usianze kwa kumweleza habari za Skandinavia, atajua umeandikiwa. Omba radhi ya ile siku ya arobaini kwanza, tena mbele ya shemeji na watoto, kwa kuwa ulimvunjia heshima mbele za watu. Akikuelewa, wekeni vitabu viwili mezani, umwachie yeye afungue ukurasa wa kifaru.

Mjomba